Samaki wa Pemba Asiyefika Sokoni

Soko la Lubarika linajua ndagala na mikeke. Ndagala hufika wakiwa wamekauka, hupimwa kwa kopo, na mnunuzi huonja mmoja kabla ya kutoa pesa. Samaki wa makala hii hayumo kwenye kopo hilo, wala hatoshi kitoweo: akikomaa hufika sentimita 12 hivi.

Wanasayansi humwita Tropheus duboisi. Jina hilo alipewa mwaka 1959 na Georges Marlier, mtafiti wa IRSAC, kituo cha sayansi pale Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, na samaki mwenyewe alitoka Bemba, yaani Pemba, kusini mwa mji. (Pemba hii si kile kisiwa cha karafuu.)

Akiwa mtoto ni mweusi tii, na mwili wote una vidoa vyeupe kama manyoya ya kanga. Akikua, vidoa hufutika, kichwa kinageuka buluu, na ubavuni hujitokeza mkanda mweupe au wa njano. Asiyemjua angeapa kwamba ameona samaki wawili.

Jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 20, kisha huyabeba mdomoni kwa mwezi hivi mpaka vitoto viweze kuogelea. Ndagala wakivuliwa huziba pengo upesi, huyu hawezi.

Tena ni mtu wa mawe. Anakwangua mwani kwenye miamba, na ufuo wa mchanga kwake ni kama ukuta. Ndiyo maana anaishi vipandevipande: Pemba huku, Maswa na Halembe ng'ambo ya Tanzania, na nje ya ziwa hili hayuko kabisa. Shirika la uhifadhi la IUCN limemweka kwenye daraja la chini kati ya matatu ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wamemtafuta kwa miaka mingi, kwa sababu ya vile vidoa. Lakini tope linatisha zaidi, kwa kuwa halichagui. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba. Tope lake liliishia ziwani. Milima ikinyolewa miti, kila mvua huteremsha udongo, nao ukitanda juu ya mwamba mwani hufunikwa, na samaki hana pa kuhamia.

Kwa hiyo anayelima kwenye mteremko juu ya Pemba, au kando ya vijito vinavyoshuka Lubarika kwenda mto Ruzizi na hatimaye ziwani, aache majani yasimame kati ya shamba na maji. Faida ya kwanza ni yake, maana udongo unaokwenda ziwani ndio uliokuwa ukimwotesha muhogo.