Ubwiri Unga na Ubwiri Vinyoya: Dalili na Majina ya Magonjwa Mawili ya Mizabibu ya Dodoma

Neno "ukungu" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ni mvuke mzito utandao asubuhi. Tena ni weupe ushikao mkate uliolala, au ngozi iliyokosa hewa. Katika mashamba ya zabibu ya Dodoma husikika pia likitajwa kwa kila weupe uonekanao katika jani. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halina dhara. Lakini shambani ladhuru, kwa kuwa weupe huo waweza kuwa dalili ya magonjwa mawili mbalimbali, na dawa ya mmoja haiuponyi wa pili.

Mabwana shamba huyaita magonjwa hayo "ubwiri unga" na "ubwiri vinyoya". Majina haya yameundwa vizuri, maana kila moja limebeba dalili yake.

Ubwiri unga hufanana na majivu yaliyonyunyizwa. Hutanda juu ya jani na chini yake, hata katika vitawi vichanga na vichala, na ukipitisha kidole unga hufutika. Zabibu changa ikishikwa, ganda lake hukakamaa na kuacha kukua, hali nyama ya ndani yaendelea kutanuka. Mwisho hupasuka na mbegu zikaonekana.

Ubwiri vinyoya huanza kwa namna nyingine. Kwanza huonekana upande wa juu wa jani madoa ya manjano, kama kwamba jani limedondokewa na mafuta. Ndipo yafaa kuligeuza jani: baada ya usiku wa unyevu, chini ya doa lile lile huwa pameota vinyoya vyeupe. Upande wa juu hubaki bila weupe. Baadaye doa hukauka likawa la hudhurungi, na jani huanguka. Basi kanuni ya kwanza ya mchunguzi ni hii: asilihukumu jani kabla ya kuligeuza.

Majira nayo husaidia kutambua. Nchi ya Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Ubwiri vinyoya hauenei pasipo maji juu ya jani, kwa hiyo wakati wake ni masika. Ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa. Huweza kustawi hata siku zisizo na mvua, hasa penye kivuli na matawi yaliyosongamana. Kwa kuwa wakulima wengi huvuna mara mbili kwa mwaka, hawana budi kujihadhari na yote mawili.

Hasara ya kuyachanganya ilikwisha kuonekana huko Ulaya, ambako yote mawili yalifika kutoka Amerika. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, ukaenea Ufaransa, na dawa yake ikawa salfa, yaani kibiriti upele. Ubwiri vinyoya ulipoonekana Ufaransa mwaka 1878, salfa haikufaa kitu. Mwaka 1882 mtaalamu Millardet aliona kwamba mizabibu ya kando ya njia, iliyopakwa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, ilibaki na majani yake. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo ya shaba. Hata leo salfa ni ya unga, na shaba ni ya vinyoya.

Tena elimu ya siku hizi imezidi kuyatenga magonjwa haya. Kilicho katika ubwiri unga ni kuvu halisi. Kilicho katika ubwiri vinyoya kina nasaba ya karibu zaidi na baadhi ya mwani wa baharini. Neno "ubwiri" limewaunganisha kwa sura tu, si kwa ukoo.

Kwa hiyo anayetunga kamusi asiridhike kuandika "ubwiri: ukungu wa mimea" na kupita. Aongeze unga na vinyoya, na aeleze kila kimoja huonekana upande gani wa jani. Mkulima aendaye dukani huomba dawa kwa jina. Jina likipotea, fedha yake imepotea, na mavuno yamo hatarini.