Waya wa Umeme Ulioanguka Huua Hata Asiyeugusa

Katika msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, upepo na mvua kubwa huangusha miti na nguzo, na nyaya za umeme hukatika na kulala barabarani au mashambani. Waya wa namna hiyo unaweza kuwa kimya, bila cheche wala mlio, lakini ukawa bado na umeme. Anayeukaribia anaweza kupoteza maisha bila kuugusa.

Sababu iko ardhini. Umeme unaofika majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, lakini njia nyingi za usambazaji hubeba msongo wa kilovolti 11 au 33. Waya wa msongo huo unapogusa ardhi, umeme husambaa pande zote, ukiwa mkali karibu na waya na kupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Anayepiga hatua ndefu huweka mguu mmoja penye msongo mkubwa na mwingine penye msongo mdogo, na tofauti hiyo hupitisha umeme mwilini. Ng'ombe wako hatarini zaidi, kwani miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana na umeme hupita karibu na moyo.

Anayeona waya umeanguka anapaswa kukaa mbali, kuwazuia watoto na mifugo, na kutoa taarifa mara moja kwa TANESCO. Aliyejikuta karibu nao aondoke kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo, zikiwa zimegusana. Aliye ndani ya gari lililoangukiwa na waya abaki humo hadi umeme ukatwe, isipokuwa gari likishika moto.

Nyumbani, maji yakianza kuingia, swichi kuu izimwe mapema. Yakishajaa, mtu asiyapite kuifuata swichi hiyo. Ni muhimu pia nyumba iwe na waya wa ardhi na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kazi ambayo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Iwapo mtu amenaswa, huruma isitangulie tahadhari. Nyumbani, swichi kuu izimwe kwanza ndipo aguswe. Penye waya wa nje, waokoaji wasubiri TANESCO ithibitishe kuwa umeme umekatwa. Anayemshika aliyenaswa kabla ya hapo anaweza kunaswa naye, na familia ikapoteza watu wawili badala ya mmoja.