Alexandria na watoto: Chagua kitanda kabla hujachagua bahari

Chukua mfano wa familia ya watu watano. Baba anamalizia masomo Cairo, mama amepata likizo ya wiki mbili Dar es Salaam, na watoto wao wawili, wa miaka minne na tisa, wanataka jambo moja tu: kuiona bahari ya upande wa pili wa Afrika. Bibi naye yumo, pamoja na magoti yake yasiyopenda ngazi. Huyo mtoto wa miaka tisa ana pumu.

Usiku wanapekua simu. Wanaona chumba kizuri, roshani inayotazama bahari, bei ya chini kuliko vyote. Kidole kiko juu ya kitufe cha kulipa.

Hapo ndipo safari ya familia huweza kuharibika, kabla hata begi halijafungwa. Picha haisemi kama lifti inafanya kazi. Haisemi maji ya bafuni yanapashwa moto kwa umeme au kwa gesi. Haisemi barabara ya kuvuka kufika ufukweni ina upana gani.

Alexandria, ambayo wenyeji huiita Iskandariya, ni mji ambao mtoto wa shule ataukumbuka maisha yake yote. Lakini kwa mzazi, swali la kwanza si “tutatembelea wapi?” bali “tutalala wapi?”

Mji wa mnara uliopotea

Mji huu ulianzishwa na Aleksanda Mkuu mwaka 331 kabla ya Kristo. Mbele ya bandari yake palisimama mnara wa taa wa Pharos, uliokuwa na urefu wa takriban mita 100 na kuhesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Matetemeko ya ardhi yaliuangusha, na mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome mahali hapo hapo.

Ngome hiyo ipo hadi leo, na watoto hupanda kuta zake wakitazama mashua za wavuvi kwenye Bandari ya Mashariki. Upande wa pili wa ghuba ipo Maktaba ya Alexandria, Bibliotheca Alexandrina, iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa kumbukumbu ya maktaba ya kale. Ndani yake kuna maktaba ya watoto, maktaba ya vijana na jumba la kuonyesha nyota na sayari. Ulizia saa za kufungua kabla ya kwenda, hasa siku ya Ijumaa na sikukuu.

Mahandaki ya makaburi ya Kom el Shoqafa, yaliyogunduliwa mwaka 1900, nayo yanavutia. Ila kuteremka huko ni ngazi 99 za mzunguko, na zote hizo zitapandwa tena wakati wa kutoka. Bibi wa mfano wetu atafurahi zaidi akikaa juu kivulini na chupa ya maji.

Mtaa upi unawafaa?

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi, njia iliyozoeleka ni ndege hadi Cairo, kisha treni ya takriban saa mbili na nusu hadi tatu au zaidi kidogo. Ndege ikitua usiku, ni busara familia yenye watoto wadogo ilale Cairo na kuendelea asubuhi.

Treni husimama kwanza Sidi Gaber, kisha humalizia kituo cha Misr. Jambo hili dogo lina maana kubwa. Wanaolala Stanley na mitaa ya mashariki hushuka Sidi Gaber. Wanaolala mji wa zamani huendelea hadi mwisho.

Eneo la Raml, karibu na uwanja wa Saad Zaghloul, ndilo moyo wa mji wa zamani. Hapo kuna hoteli za kihistoria kama Cecil, iliyofunguliwa mwaka 1929, pamoja na hoteli ndogo zilizo kwenye ghorofa za juu za majengo ya zamani. Faida yake ni kwamba maduka ya dawa, mikahawa na usafiri viko karibu, na ngome na maktaba haziko mbali. Hasara yake ni kelele za magari hadi usiku, lifti za kizamani, na kwamba bandari iliyo mbele yako ni ya kutazama, si ya kuogelea.

Stanley na mitaa inayoelekea mashariki hadi bustani za Montaza inafaa zaidi kwa familia inayotaka ufukwe. Montaza yenyewe ina miti, kivuli na nafasi ya watoto kukimbia. Lakini Julai na Agosti, Wamisri wengi hukimbilia Alexandria kukwepa joto la Cairo, na hapo bei hupanda na fukwe hujaa.

Upande wa Anfushi, jirani na ngome, ni mitaa ya wavuvi. Huko ndiko pa kula samaki. Unamchagua mwenyewe, anapimwa kwa kilo, anachomwa ukiwa unasubiri. Ulizia bei ya kilo na gharama ya kupika kabla hajawekwa kwenye moto.

Jambo moja halionekani kwenye ramani. Kati ya hoteli nyingi na bahari inapita Corniche, barabara pana yenye magari yanayokwenda kasi. “Mita 50 kutoka ufukweni” inaweza kumaanisha kuvuka njia nyingi za magari ukiwa umebeba mtoto na mfuko wa taulo. Sehemu fulani zina njia za chini ya barabara kwa waendao kwa miguu. Muulize mwenye hoteli iliyo karibu naye ipo umbali gani.

Hoteli au nyumba ya kupanga?

Familia ya watu watano hupata unafuu ikipanga nyumba yenye samani. Kuna jiko la kupikia uji wa mtoto, kuna mahali pa kufulia, na bibi anapata chumba chake. Lakini nyumba hizo zinadai macho makali kuliko hoteli.

Hatari ya kwanza ni hita ya maji ya gesi. Nyumba nyingi za Misri hupasha maji ya kuoga kwa gesi, na mara nyingine hita huwekwa ndani ya bafu dogo lisilopitisha hewa. Ikiwa bomba la kutolea moshi ni bovu, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi hujaa bafuni. Haina rangi wala harufu. Ni hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, na wengi hudhani ni uchovu wa safari. Watu wawili wa nyumba moja wakianza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, usingoje. Toeni kila mtu nje, zimeni gesi ikiwa inawezekana, kisha pigeni simu 123, namba ya gari la wagonjwa nchini Misri.

Njia salama ni kuchagua nyumba yenye hita ya umeme. Ikiwa ni ya gesi, iwe nje ya bafu na iwe na bomba la moshi linalotoka nje ya jengo. Mwenye nyumba akutumie picha yake kabla hujalipa. Asiyetaka kupiga picha hita yake amekujibu tayari.

Hatari ya pili ni roshani. Majengo ya zamani yana roshani nzuri, lakini baadhi ya vizuizi vyake ni vifupi au vina nafasi ambayo kichwa cha mtoto wa miaka minne hupita. Siku ya kwanza, ondoa viti na meza zote karibu na kizuizi na uhakikishe mlango wa roshani unafungwa kwa juu.

Hatari ya tatu ni jengo lenyewe. Chumvi ya bahari, uzee na ghorofa zilizoongezwa kiholela zimedhoofisha baadhi ya majengo ya Alexandria. Juni 2023, jengo la ghorofa zaidi ya 10 liliporomoka katika mtaa wa Sidi Bishr na kuua watu. Mgeni hawezi kuwa mhandisi, lakini anaweza kukataa nyumba yenye nyufa pana, nondo zilizotokeza kutu au ngazi zilizokatika, hata kama ameshalipa usiku mmoja.

Kwa mtoto mwenye pumu, kagua pia unyevu. Nyumba za ufukweni hushika ukungu mweusi kwenye kona za kuta na nyuma ya makabati. Harufu ya uvundo ikikupokea mlangoni, omba chumba kingine. Dawa yake ya kuvuta ikae kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa ndege.

Bahari si bwawa

Mtoto wa Pwani aliyezoea maji kupwa na kujaa atashangaa. Mediterania haina kupwa na kujaa kukubwa, hivyo mzazi anaweza kudhani imetulia. Hatari yake iko kwenye mikondo inayovuta mtu kutoka ufukweni kwenda kilindini.

Julai 2020, katika ufukwe wa Al-Nakheel, eneo la Agami magharibi mwa mji, watu 11 walikufa maji baada ya baadhi yao kuingia kumwokoa mtoto. Hao hawakuwa wazembe. Walifanya ambacho mzazi yeyote angefanya, na bahari ikawachukua wote.

Funzo lake ni kuchagua ufukwe wenye waokoaji na bendera. Kijani huruhusu, njano hutahadharisha, nyekundu hukataza. Ikiwa hakuna mwokoaji, watoto wacheze mchangani. Mtoto mdogo awe umbali wa mkono wa mtu mzima ambaye hashiki simu, na maboya ya kuvaa mikononi yasihesabiwe kuwa ni jaketi la kuokolea.

Mtu akivutwa na mkondo, asipambane kurudi moja kwa moja. Aelee, aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Aliye nchi kavu arushe boya, chupa kubwa tupu ya plastiki au kamba, na aite msaada. Asijirushe.

Homa ikipanda, taja ulikotoka

Oktoba 2024, Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa nchi isiyo na malaria. Ni habari njema, lakini ina upande wake kwa familia inayotoka Tanzania, Kenya au Uganda.

Mtoto anaweza kuumwa na mbu nyumbani, akasafiri akiwa mzima, na homa ikaja wiki moja au mbili baadaye akiwa Alexandria. Daktari wa huko, ambaye si kawaida yake kukutana na ugonjwa huo, anaweza kuanza kutafuta mafua au maambukizi ya tumbo. Mzazi aseme mapema, bila kungoja kuulizwa, kwamba wametoka nchi yenye malaria na tarehe waliyoondoka, kisha aombe kipimo. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, siku moja ya kuchelewa ni kubwa.

Kuhara nako huwapata watoto safarini. Beba pakiti za ORS kutoka nyumbani na mpe mtoto maji ya chupa au yaliyochemshwa. Chakula cha huko hakitamshinda. Ful ni maharage, na mkate wa aish unalika kama chapati. Kilicho cha moto kutoka jikoni ni salama kuliko saladi iliyokaa.

Kuhusu msimu, Aprili hadi Juni na Septemba hadi Oktoba ndiyo miezi inayowafaa watoto. Kuanzia Novemba hadi Februari kuna dhoruba za baridi na mvua, mawimbi huruka hadi barabarani, na mtoto wa Dar atahitaji sweta, soksi na koti.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

• Je, lifti inafanya kazi, na ina mlango unaofunga wote? Chumba kiko ghorofa ya ngapi?
• Maji ya moto ni ya umeme au ya gesi? Hita iko wapi?
• Roshani ina kizuizi cha urefu gani? Tuma picha.
• Ufukwe wenye mwokoaji uko umbali gani, na tunavukaje barabara?
• Hospitali yenye daktari wa watoto usiku iko wapi?
• Nikifika na kukuta tofauti na picha, fedha zinarudi?

Kila mtoto awe na pasipoti yake, kwani hoteli huzisajili. Masharti ya viza na cheti cha homa ya manjano yathibitishwe ubalozini mapema. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mwenzake.

Familia ya mfano wetu, baada ya maswali hayo, huenda ikaacha ile roshani ya bei nafuu na kuchukua ghorofa ya pili, nyuma kidogo ya bahari, yenye hita ya umeme na bibi asiyelalamikia ngazi. Picha haitapendeza sana kwenye simu.

Lakini jioni, watoto wakiwa wameoga na wote watano wakiwa mezani, baba anaweza kuwaambia jambo la kuwashangaza. Maji ya bombani ya mji huu hutoka Mto Nile, na sehemu ya maji hayo ilianza safari Ziwa Victoria. Yamesafiri mbali kuliko wao, na yamefika.