Nzi wa Bandia na Samaki wa Maji Baridi

Wakazi wa Lumino, hasa wale washukao hadi ufukoni Majanji, hawana haja ya kufundishwa kwamba samaki hula wadudu. Aghalabu mwezi unapoandama, vijidudu vya ziwani huibuka majini kwa mamilioni, vikapaa juu ya Ziwa Viktoria mithili ya moshi wa kichaka kiunguacho, nao samaki huneemeka. Wavuvi wetu nao, katika usiku wa giza, huwasha taa wakawavuta mukene hadi kwenye nyavu. Kwa hiyo jambo tunalotaka kulisimulia leo si geni kabisa kwao: kumvua samaki kwa nzi asiyelika, aliyefungwa kwa nywele na manyoya juu ya ndoana. Hata hivyo, tulipomwonyesha mzee mmoja wa Majanji nzi huyo, alimgeuzageuza kiganjani, kisha akatuuliza kwa heshima zote kama hicho kilikuwa chambo au hirizi.

Samaki mwenyewe huitwa trauti. Lumino hayupo, wala hawezi kuwapo. Yeye hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi za Selsiasi. Yakizidi 20 hutaabika, na ziwa letu, lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, huwa na joto kupita hapo mwaka mzima. Makao yake ni mlimani. Kutoka Tororo, siku isiyo na mawingu, Mlima Elgon huonekana wazi, nao hufikia mita 4,321. Katika vijito vya juu vya mlima huo, kama vile vya Mto Suam, trauti wamepata baridi waitakayo. Lakini si wenyeji. Katika Afrika Mashariki historia yao huanzia mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai ya trauti wa Ulaya kutoka Loch Leven, Uskoti, hadi Mto Gura katika milima ya Aberdare, Kenya. Trauti wa Marekani, mwenye utepe mwekundu ubavuni, alifuata mwaka 1910.

Chakula kimoja akipendacho ni mdudu aitwaye kadisi. Huyu ni fundi wa ajabu. Angali buu, hukaa chini ya mto akatema uzi wa hariri, na kwa uzi huo wengi wa jamii yake huunganisha chembe za mchanga au vipande vya vijiti, wakajijengea ala ya kuishi. Askari yeyote aliyewahi kuchimba handaki atamstahi. Wakati wake ukifika, hupanda juu ya maji akapata mbawa, ambazo hukunjwa mgongoni kama paa la nyumba.

Nzi wa bandia tunayempenda huiga umbo hilo la paa. Alibuniwa na Mmarekani Al Troth mwaka 1957. Mwili wake ni wa manyoya laini, mwilini humo huzungushiwa unyoya wa jogoo toka nyuma hadi mbele, na mbawa zake ni nywele za elki, kulungu mkubwa wa Marekani. Nywele hizo zina uwazi ndani wenye kushika hewa, ndiyo maana nzi huelea hata penye maji yachemkayo juu ya mawe.

Namna ya kumtumia yafanana na doria. Trauti huelekeza kichwa mahali mkondo utokako, akingoja riziki iletwe. Kwa hiyo mvuvi humjia kwa nyuma, ameinama, kivuli chake kisitangulie, akautupa mshipi kuelekea juu ya mto. Nzi hana budi kuteremka kwa mwendo ule ule wa maji. Mshipi ukimburuta, samaki hung'amua hila. Jioni, hata hivyo, kadisi wa kike huja kutaga mayai wakipapatika juu ya maji, na hapo kumtikisa nzi kidogo huleta faida. Kibali cha kuvua hutafutwa mapema, na mwenye kutaka kumrudisha samaki mtoni hutumia ndoana isiyo na kijino.

Yote haya hutegemea kivuli. Miti ya kandokando ya kijito ikikatwa, jua huyapiga maji, na mvua huleta tope linaloziba nafasi baina ya mawe. Kadisi wengi hufa kwanza, kwa kuwa hupumua hewa iliyomo majini, trauti hufuata. Wengine watasema trauti ni mgeni tu, na akiangamia hatutakuwa tumepoteza kitu. Hilo hatulikubali, kwa sababu maji ya Elgon hayamhudumii yeye peke yake: Suam huenda kuulisha Mto Turkwel na Ziwa Turkana, Malaba huelekea Kyoga, na Nzoia huingia Viktoria, ziwa hili hili la Majanji.

Kwa sababu hiyo, tufikapo kijitoni hatukimbilii kufunga nzi. Kwanza twageuza jiwe moja. Zikiwapo ala ndogo za mchanga zimeng'ang'ania upande wa chini, twalirudisha jiwe taratibu mahali pake, kisha twafungua mshipi.