Bomba Likipanuliwa, Hesabu Huharibika

Barabara ya Port Reitz, kutoka Changamwe kuelekea uwanja wa ndege wa Moi mjini Mombasa, ina yadi ambako magari yaliyotumika Japani husubiri ushuru na wenyewe. Katikati ya Probox na Fielder zimewahi kuwamo Subaru zenye tabo: Forester XT, na kabla yake Impreza WRX na Legacy GT. Nyingi huanza kuchokolewa mapema. Eya klina ya dukani inafuata, kisha bomba pana la hewa, kisha vali inayopuliza kwa kelele dereva anapoachia mguu. Kifaa kinachovurugwa na mambo hayo yote kinaenea kiganjani: sensa ya hewa.

Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaoiambia kompyuta ni gramu ngapi za hewa zinaingia kila sekunde. Kompyuta hutoa petroli kwa hesabu hiyo. Gari likienda taratibu, gramu 1 ya petroli huchomwa na gramu 14.7 za hewa. Tabo ikisukuma kwa nguvu, mafuta huongezwa hadi uwiano wa karibu 12 kwa 1 ili selinda zisichemke kupita kiasi.

Waya huo lakini hauonji hewa yote, ila ile inayopita mbele yake tu. Kiwandani walipima upana wa bomba, wakaifundisha kompyuta kukisia iliyobaki. Chukua bomba la milimita 65, weka la 75. Eneo la kupitia linaongezeka kwa thuluthi, hewa inapita polepole zaidi, na sensa inaona robo tatu tu ya ile iliyoingia. Uwiano uliotakiwa kuwa 12 kwa 1 unakuwa 16 kwa 1.

Mjini kosa hilo hujificha, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi husahihisha kidogo kidogo. Dereva akikanyaga hadi mwisho, kompyuta huacha kuisikiliza. Tena, kwa kudhani injini haina mzigo mkubwa, huwahisha cheche. Petroli inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kwenye injini za EJ za Subaru pistoni hupasuka pale katikati ya ringi. Gari lilikuwa tamu wiki nzima, kisha linavutwa kwa kamba.

Vali ya kelele huleta kinyume chake. Inamwaga nje hewa ambayo sensa imeshaihesabu, mafuta yake yanakuja yenyewe bila hewa, na ekzosi inatoa moshi mweusi na kupiga risasi. Vali ya kiwandani huirudisha hewa hiyo ndani ya bomba, baada ya sensa, na hakuna kinachopotea.

Mwinuko nao una neno lake. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha moja kwa sita. Waya wa moto hupima uzito, kwa hiyo safari ya kuteremka pwani haiusumbui. Mitsubishi Evolution nyingi hupima ujazo kwa kuhesabu vizingia vya hewa, nazo hutegemea sensa nyingine za joto na kanieneo, zilizofungwa pamoja na ile ya hewa. Aliyeiondoa ile ya hewa bila kujua amepoteza zote.

Kupanua bomba si dhambi. Kinachotakiwa ni kompyuta ifundishwe upya, huku fundi akisoma uwiano wa mafuta kwa kipimo kilichofungwa kwenye ekzosi. Tabo ikiwa kubwa mno hata sensa ikafika kikomo chake cha volti 5, wengine huiondoa kabisa na kuacha kompyuta ikisie hewa kwa kanieneo na joto.

Kabla ya yote hayo, sensa isafishwe. Vumbi la malori ya makontena na mafuta yanayopakwa kwenye baadhi ya eya klina huganda kwenye waya, nao hudanganya. Fungua skrubu 2, puliza dawa yake maalumu, wala si ya kabureta, usiuguse waya kwa kidole, uache ukauke. Injini nzima ya lita 2 ikinguruma taratibu bila mzigo, skana huonyesha takriban gramu 3 hadi 4 kwa sekunde. Anayeuziwa Subaru iliyobadilishwa adai kuiona namba hiyo kabla ya kutoa pesa.