Ladha ya Kuku Ifike Mfupani

Jogoo wa kienyeji wa Nyabibuye, mkoani Kigoma, ni mtamu ila nyama yake ni ngumu. Ukimbanika moja kwa moja, ngozi itaungua ndani akiwa mbichi.

Mchanje, umpake chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Kama huna jokofu, muda wa saa 1 watosha, usimlaze. Mchemshe kwa moto wa taratibu hadi alainike, kisha mbanike juu ya makaa, ukimpaka mawese kidogo.

Supu usiimwage, viungo vyote vimo humo. Mgeni apewe paja, lakini watoto nao wapate supu ya kulia ugali, wasiishie kunusa harufu tu.