Maprofesa na Furu wa Ziwa Letu

Mwezi uliopita mzee mmoja mvuvi alifika ofisini kwetu hapa Pasiansi kutaka nakala ya cheti cha ubatizo cha binti yake. Binti huyo amemaliza kidato cha sita, na karatasi zake zinatengenezwa apate kwenda chuo kikuu. Nilimpongeza mzee, lakini uso wake haukukunjuka.

"Karani," aliniambia, "laiti angekwenda kusomea uuguzi au uhasibu. Yeye asema atasoma biolojia, tena biolojia ya samaki. Mimi nimevua miaka arobaini. Huyo profesa atamfundisha nini juu ya samaki ambacho baba yake hakijui?"

Neno hili nimelisikia kwa wazazi wengi, wala sikuona vema kulijibu kwa haraka. Jibu langu ni hili, nanyi wazazi wenye watoto shuleni lisikieni.

Wengi wetu hudhani kazi ya profesa ni kusimama mbele ya wanafunzi na kusema. Kufundisha ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kutafiti, yaani kuuliza jambo ambalo bado halijulikani na mtu yeyote, na kulifuata kwa subira mpaka lijulikane. Profesa asiyetafiti, baada ya miaka michache atakuwa akifundisha mambo ya zamani tu. Mfano wa kazi hiyo tunao hapa hapa Mwanza.

Mwaka 1977 walifika kwetu wataalamu wa biolojia kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, nchi ya Uholanzi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1575. Mmoja wao aliitwa Frans Witte. Walikuja kwa ajili ya furu, wale samaki wadogo ambao mama zetu waliwaanika juani. Wakafanya kazi na watafiti wa Kitanzania na wavuvi wetu katika Ghuba ya Mwanza, ile inayotutenga na Sengerema. Walivuta nyavu, wakahesabu, wakapima, wakapasua matumbo kuona samaki amekula nini, na yote wakayaandika.

Kumbe furu si samaki mmoja! Katika ziwa zima walikuwako aina zipatazo 500, karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wako waliokula konokono, wenye mataya ya kuvunjia magamba. Wako waliokwangua ukijani juu ya mawe, na wengine walikula tope au wadudu. Tena wako walioishi kwa kunyang'anya mayai na watoto wa wenzao, maana furu jike hulea watoto wake kinywani. Mwaka 1985 furu mmoja wa mawe, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu, alipewa katika vitabu vya wataalamu jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere.

Lakini kazi ilipokuwa ikiendelea, msiba ukaja. Sangara alikuwa ameingizwa ziwani huko Uganda miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 akafurika katika ghuba yetu, na furu wakatoweka mbele ya macho ya watafiti. Wataalamu walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Kama watu hao wasingalihesabu mapema, leo tungesema tu, "Furu wamepungua," basi. Asiyejua alichokuwa nacho hawezi kujua alichopoteza.

Je, ni sangara peke yake? Mtafiti mwingine wa Leiden, Ole Seehausen, ambaye baadaye alikuwa profesa huko Bern, Uswisi, aliuliza swali hilo. Aliwatazama furu wawili wa mawe walio ndugu: dume la mmoja ni jekundu, la mwingine ni la buluu. Aliwaweka katika matangi ya kioo. Katika mwanga mweupe, kila jike lilimchagua dume la aina yake. Alipoweka mwanga ambao ndani yake rangi hizo mbili hazikutofautiana, majike hayakuweza tena kuchagua sawasawa. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitangaza waliyoyaona ziwani: penye maji maangavu aina ni nyingi na rangi zang'aa, penye maji machafu rangi zimefifia na aina ni chache. Jike lisipoona rangi, aina mbili huchanganyika na kuwa moja.

Na uchafu huo watoka wapi? Watoka mashambani mwetu tunapolima hadi ukingoni mwa maji na mvua ikachukua udongo. Watoka kwenye miti tuliyokata, na katika maji machafu ya mji. Jembe la mkulima laweza kuua samaki ambaye mkulima hajamwona kamwe.

Ipo habari njema pia. Sangara alipovuliwa sana miaka ya 1990, furu wa aina kadhaa walianza kurudi. Watafiti walilinganisha aina moja na samaki wa zamani waliohifadhiwa, wakakuta wale wapya wana mashavu makubwa zaidi ya kuvutia hewa, kwa kuwa hewa ndani ya maji imepungua.

Basi, mzee wangu, wewe wajua mahali samaki alipo na saa yake. Binti yako ataulizwa kwa nini yupo pale, na kwa nini kesho huenda asiwepo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha elimu hii, na ziwa ni letu. Si haki likajulikana na wageni kutupita sisi.

Aliporudi kuchukua cheti nilimweleza hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilipokuwa kijana, penye mawe tulipokuwa tukioga tuliwaona mbipi wekundu tukiwa tumesimama juu. Siku hizi maji ni kama uji, sioni hata mguu wangu."

Nikamwambia, "Mzee, mweleze binti yako neno hilo kabla hajapanda basi."